Sarafu Kuukuu na Bei Yake

Bei ya sarafu ya zamani hutokana na maswali manne: ni sarafu gani hasa, ni halisi au ya kughushi, imechakaa kiasi gani, na nani anaitafuta. Umri peke yake si bei. Zipo sarafu za Waroma zenye miaka 1,700 zinazouzwa Ulaya kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu zilipigwa kwa mamilioni na mpaka leo bado zinafukuliwa mashambani. Na ipo sarafu iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ambayo mwenye nayo huiweka benki.

Mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, swali linalotangulia huwa ni jingine: ina gramu ngapi? Si ajabu. Dhahabu iligunduliwa mahali paitwapo Kilo mwaka 1903, na tangu hapo mizani haijatoka mikononi mwa watu wa Ituri. Kwa vumbi la dhahabu, uzito na usafi ndiyo bei yote. Kwa sarafu, uzito ni ushahidi tu, na anayeuza sarafu kwa gramu mara nyingi huuza sehemu ndogo ya mali yake. Faranga 5 ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mfano, ina gramu 25, na ndani yake gramu 22.5 ni madini ya fedha. Sonara hulipa zile gramu 22.5, kisha huiyeyusha. Mkusanyaji wa sarafu hulipa mara kadhaa zaidi ya hapo, na sarafu inabaki kuwa sarafu.

Siku hizi mfukoni mwa mkazi wa Bunia mna noti: faranga ya Kongo iliyoanza kutumika mwaka 1998, dola ya Marekani, na kwa wanaokwenda Mahagi na Aru, shilingi ya Uganda. Sarafu za Kongo zilikwisha kutoka sokoni. Kwa hiyo zinazoonekana ni za zamani tu, na hutoka mahali palepale pa siku zote: kopo la bibi, sanduku la babu aliyefanya kazi migodini, shamba linalolimwa karibu na kambi iliyohamwa, nyumba inayobomolewa.

Kuitambua sarafu ni kuisoma. Husomwa maandishi yote, pande zote mbili pamoja na ukingo, kisha mwaka, kisha picha. Sarafu za kwanza zilizopigwa kwa ajili ya Kongo zina mwaka 1887, enzi ambayo nchi ilihesabiwa kuwa mali ya Leopold II chini ya jina la Dola Huru la Kongo. Zile ndogo ni za shaba nyekundu, za santimu 1, 2, 5 na 10, zenye tundu katikati, nyota upande mmoja na herufi L zenye taji upande wa pili. Tundu hilo ni la kiwandani. Watu wengi hudhani sarafu imeharibiwa na kuitupa, na hiyo ni hasara ya bure: tundu la kiwandani liko katikati kabisa na mchoro umepangwa kulizunguka, wakati tundu la msumari hukata mchoro na kuacha kingo zilizopinda.

Zile kubwa ni za fedha: santimu 50, faranga 1, 2 na 5, zilizopigwa kati ya 1887 na 1896. Upande mmoja una kichwa cha mfalme mwenye ndevu ndefu, upande wa pili ngao na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kazi na maendeleo. Katika sarafu zote za Kongo za matumizi ya kila siku, hizi za fedha ndizo zinazostahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, jina kwenye sarafu likabadilika. Katika miaka ya 1920 santimu 50 na faranga 1 zilikuwa na kichwa cha mfalme Albert na mchikichi nyuma yake, na zilipigwa mara mbili, moja kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiholanzi. Mwenye sarafu mbili za mwaka mmoja zilizofanana asizihesabu kuwa moja kabla ya kusoma lugha, maana idadi zilizopigwa hazikuwa sawa. Kisha ikaja vita ya pili ya dunia na tembo. Faranga 2 ya mwaka 1943 ina pembe sita, ni ya shaba ya njano, na ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Faranga 50 ya mwaka 1944 ni ya fedha, nayo ilipigwa Pretoria.

Baada ya uhuru kuna sarafu za Katanga za mwaka 1961, zenye shada la ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba wa Katanga upande wa pili. Kuna faranga 10 ya alumini ya mwaka 1965 yenye kichwa cha simba. Kisha sengi na makuta ya mwaka 1967. Hapo kuna jambo dogo linalowasumbua wengi. Pesa ya zaire ilianza mwaka 1967, lakini nchi iliitwa Zaire mwaka 1971. Ndiyo maana makuta 5 ya mwaka 1967 ina sura ya rais Mobutu na bado imeandikwa Benki ya Taifa ya Kongo. Si kosa, wala si dalili ya kughushi.

Kutoka ng'ambo ya Ziwa Albert huja sarafu za Afrika Mashariki ya Kiingereza. Zenye tundu huchanganywa na za Leopold, lakini tundu lao limezungukwa na pembe za ndovu, si nyota. Shilingi yenye simba mbele ya milima ina robo yake ya fedha ikiwa ni ya kati ya 1921 na 1946. Kuanzia 1948 picha ni karibu ileile na uzito ni uleule, lakini fedha haimo tena hata chembe. Mwaka ndio unaosema.

Sarafu ikishajulikana jina, hufuata swali la uhalisi. Vyombo vinavyohitajika havikosi Bunia: mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, kipimo cha upana, sumaku, na kioo cha kukuza mara tano hadi kumi.

Uzito hutangulia. Kiwanda cha sarafu hufanya kazi kwa kipimo, na sarafu ya gramu 25 iliyotumika sana inaweza kupungua nusu gramu hivi, lakini haipungui gramu tatu. Tena haiongezeki. Sarafu nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye katalogi inatia shaka kuliko nyepesi. Sumaku huja baada ya mizani: fedha, dhahabu na shaba hazivutwi, kwa hiyo faranga ya Leopold inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini isiyovutwa haijathibitika bado, maana risasi na shaba ya njano nazo hazivutwi.

Jaribio linalotatua mengi ni lile la maji. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani, mizani inarudishwa kwenye sifuri, kisha sarafu iliyofungwa uzi mwembamba inazamishwa yote bila kugusa kuta wala chini. Mizani itaonyesha namba ndogo, ambayo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu linaonyesha madini. Faranga 5 halisi ya gramu 25, yenye fedha sehemu 900 kwa 1,000, itaonyesha gramu 2.4 na kidogo, na jibu litakuwa karibu 10.3. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itaonyesha karibu gramu 2.9. Tofauti ya nusu gramu ni kubwa. Mizani ya dhahabu haiwezi kuikosa. Vipovu vya hewa vinavyoshika sarafu huharibu hesabu, kwa hiyo vinaondolewa kwa kuutikisa uzi polepole, na kipimo kinarudiwa mara tatu.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba haliachi alama. Kukwaruza ukingo, kudondosha asidi, kung'ata kwa meno: hizo zote ni njia za kujua madini kwa gharama ya kuiua sarafu. Sarafu iliyotiwa asidi hata nukta moja imeshuka bei milele, na fundi wa dhahabu mwenye nia njema kabisa anaweza kuwa ndiye aliyeiharibu.

Madini yakiwa sahihi, kazi haijaisha. Bandia nzuri hutengenezwa kwa madini yenyewe. Hapo kioo cha kukuza ndicho kinachoamua. Sarafu halisi hupigwa kwa muhuri wa chuma kigumu: herufi zina kingo kali, uwanja ulio bapa umekaza, na vitu vidogo kama nywele na manyoya vimechorwa mstari kwa mstari. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na herufi zilizovimba kama sabuni iliyolowa, vitundu vidogo vya hewa, na mara nyingine mshono ukingoni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Wajanja huusugua mshono huo kwa tupa, na tupa nayo huacha mistari yake. Mwelekeo wa pande mbili pia hutazamwa: sarafu ikigeuzwa, upande wa nyuma ama unasimama wima ama uko kichwa chini, kufuatana na desturi ya kiwanda. Bandia nyingi hukosea hapo.

Njia nyingine ya udanganyifu ni kuchukua sarafu halisi ya mwaka wa kawaida na kubadilisha tarakimu moja ili iwe ya mwaka adimu. Kioo huelekezwa kwenye mwaka, na tarakimu hulinganishwa moja baada ya nyingine: urefu, unene, na rangi ya chuma kinachozizunguka.

Sarafu ya Tabora inafaa kuelezwa hapa kwa kirefu, kwa sababu hughushiwa sana. Vita vya kwanza vya dunia vilipoikata Afrika Mashariki ya Wajerumani na Ulaya, serikali yao ilipiga pesa yake katika karakana ya reli ya Tabora. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikatoka rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Zilipigwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo wa 1916, jeshi la Force Publique lililotoka Kongo liliingia Tabora, na kwa hiyo si jambo lisilowezekana kuikuta sarafu hiyo katika mali ya ukoo wa askari upande huu. Lakini kila anayeikuta aanze kwa shaka. Halisi ina gramu 7.168, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000. Kwenye maji itaonyesha chini kidogo ya gramu 0.5, jibu likiwa karibu 15. Ya shaba iliyopakwa dhahabu itaonyesha zaidi ya gramu 0.8. Na hata ikifaulu hapo, zipo nakala za dhahabu ya kweli. Sarafu ya namna hii hainunuliwi wala haiuzwi bila cheti cha mtaalamu anayejulikana.

Kuna pia sarafu ambayo si bandia na bado mwaka wake si wa kweli. Riale ya Maria Theresa wa Austria, iliyokuwa pesa ya biashara Zanzibar, Ethiopia na Sudan, ina mwaka 1780 daima, kwa sababu wafanyabiashara walikataa kuipokea ikiwa na mwaka mwingine. Imepigwa Vienna, Rome, London, Paris, Bombay, na kuanzia 1937 hata Brussels, yote ikiandikwa 1780. Ina gramu 28 za mchanganyiko wenye fedha sehemu 833 kwa 1,000. Nyingi ni za karne ya 20, na bei yake haiendi mbali na bei ya fedha iliyomo.

Baada ya uhalisi huja daraja. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, na hivyo katika barua za wauzaji wa Brussels na Paris ambao wakusanyaji wa Kongo hushughulika nao, madaraja huandikwa kwa vifupisho: B, TB, TTB, SUP, SPL na FDC. B ni sarafu iliyochakaa mno, mwaka ukisomeka kwa taabu. TB imelika lakini mchoro wote unajulikana. TTB imetumika kiasi: sehemu zilizoinuka zimepoteza makali, ila mambo madogo yamo. SUP imeguswa kidogo tu na mng'ao wake wa kwanza bado upo pembeni mwa herufi. SPL haina dalili ya matumizi, ingawa inaweza kuwa na mikwaruzo midogo ya kugongana na wenzake mfukoni mwa kiwanda. FDC ni ile iliyo kama ilivyotoka chini ya muhuri.

Wamarekani hutumia namba kutoka 1 hadi 70, mpango uliotungwa na William Sheldon mwaka 1949. Kampuni za PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC, iliyofuata 1987, hupima sarafu, huipa namba na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Hazina ofisi Bunia, na gharama ya kutuma, bima na ada humaanisha kwamba njia hiyo inafaa tu kwa sarafu yenye bei kubwa. Plastiki hizo nazo hughushiwa. Namba iliyo juu yake hulinganishwa na orodha ya kampuni yenyewe kwenye intaneti kabla ya pesa kutolewa.

Kupanga daraja ni kujua mahali pa kutazama. Sarafu huanza kulika palipoinuka. Kwa Leopold ni nywele za juu ya sikio na ndevu; kwa tembo ni sikio na mgongo; kwa mchikichi ni shina na vishada. Sarafu hushikwa kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, chini ya taa moja inayotoka upande, kisha inageuzwa taratibu. Ikiwa mwanga unazunguka juu ya uwanja wake bila kukatika, mng'ao ni wa asili. Ikiwa inawaka yote kwa pamoja kama sufuria mpya, imesuguliwa.

Na kusuguliwa ndiyo balaa kubwa ya sarafu katika eneo hili. Mtu hupata sarafu nyeusi, anataka mnunuzi aione vizuri, basi anachukua majivu, mchanga mwembamba, ndimu au dawa ya meno. Baada ya dakika tano ina mng'ao wa kupendeza na mikwaruzo elfu, na mkusanyaji hatoi hata nusu ya bei. Weusi wa fedha na kahawia ya shaba ni ngozi ya sarafu, umri umeijenga kwa miaka mingi, na ikiondolewa hairudi. Udongo ulioshika huondolewa kwa maji matupu na kukaushwa kwa kugusishwa kitambaa laini, bila kusugua. Zaidi ya hapo mkono uzuiwe. Tundu la mkufu, alama ya kuchomelewa pini na herufi za jina zilizokwaruzwa huhesabiwa pia kuwa kasoro, na hutajwa pembeni ya daraja.

Ndipo huja bei. Idadi iliyopigwa husaidia, lakini si neno la mwisho. Faranga 2 ya pembe sita ya mwaka 1943 inapendeza na ina historia, ila zilipigwa milioni 25, na hata nzuri yake ni ya bei ya chini. Faranga 50 ya fedha ya 1944 ilipigwa milioni 1, ina gramu 8.75 za fedha, na wakusanyaji wa tembo, wa Kongo na wa sarafu za vita wote wanaitaka. Hiyo iko juu zaidi. Faranga za fedha za Leopold zilikuwa chache tangu mwanzo na nyingi ziliyeyushwa, na hapo kila daraja moja linalopanda, hasa kutoka TTB kwenda SPL, huruka bei badala ya kuipandisha. Likuta na sengi za alumini za mwaka 1967 zipo tele, na kopo zima halilipi nauli ya kwenda Kasenyi ziwani.

Kuna kundi la kuepukwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimepigwa sarafu nyingi zenye jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na picha za meli, wanyama na watu mashuhuri, kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Hazikuwahi kununua hata kikapu cha mihogo sokoni Bunia. Thamani yake ni madini yake na sanduku lake, basi.

Katalogi ya sarafu za dunia ya Krause, iliyoanza kutolewa mwaka 1972, huipa kila aina ya sarafu iliyomo namba yenye herufi KM, na muuzaji yeyote huielewa namba hiyo. Bei zilizochapwa humo ni za kuelekeza. Bei ya kweli ni ile iliyolipwa mnadani kwa sarafu ya aina hiyohiyo na daraja hilohilo, si ile aliyoiandika mtu anayetamani kuuza. Mfanyabiashara atatoa chini ya hapo, kwani naye ana kodi, safari na hatari ya kukaa na mali. Hilo ni haki yake, mradi muuzaji anajua anachokiuza. Anayeuza apige picha pande zote mbili, aandike uzito na upana, na aulize bei mahali pawili au patatu kabla ya kukubali.

Sarafu huhifadhiwa katika bahasha ya karatasi kavu, kila moja peke yake. Plastiki laini ya kawaida hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani, na shaba ndiyo inayoathirika upesi.

Jambo la mwisho ni la sheria. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao nchi hii ilijiunga nao mwaka 1974 ikiitwa Zaire, unazitaja sarafu zenye zaidi ya miaka 100 kati ya vitu vinavyoweza kuhesabiwa kuwa urithi wa taifa. Sarafu zote za Leopold zimevuka umri huo, na za Albert zinaendelea kuuvuka mwaka hadi mwaka. Anayetaka kuvuka mpaka na sarafu hizo aulize kwanza idara ya utamaduni ya jimbo na kupata karatasi, kabla mali haijakamatwa forodhani.